Mtaa wa Biashara: Historia ya Mombasa Ndani ya Doti Moja ya Leso

"Nipe doti moja ya leso ile nyekundu. Pesa ngapi?"

Sentensi hii husikika kila siku katika Mtaa wa Biashara, katikati ya Kisiwa cha Mombasa. Mnunuzi huisema bila kufikiri, kisha huanza kupatana bei. Lakini mwanafunzi wa historia akiisikiliza vizuri atagundua kwamba imetoka mbali. Neno leso tulilipata kwa Wareno, ambao kitambaa cha mkononi hukiita lenço. Doti na pesa ni maneno ya Bara Hindi. Mnunuzi akisema kwamba rangi hiyo haimpendezi, rangi ni neno la Kiajemi, na duka alilosimama mbele yake ni neno la Kiarabu ambalo wafanyabiashara wa Kihindi nao walikuwa wakilitumia. Yaliyobaki, yaani nipe, moja, ile, nyekundu na ngapi, ni Kibantu, na ndiyo yanayoishika sentensi nzima isisambaratike.

Somo la toleo hili ni mtaa huo na bidhaa yake kuu. Limeandaliwa kwa wakaazi wote, na hasa walimu na wanafunzi wanaotafuta mfano wa historia wanaoweza kuutembelea kwa miguu.

Mtaa wa Biashara husifiwa kwa sababu watu wa makabila, rangi na dini mbalimbali wanauza hapo bega kwa bega. Sifa hiyo ni ya kweli lakini haitoshi. Hata kituo cha matatu kina watu wa kila namna. Kinachoutofautisha mtaa huu ni kwamba leso, kitu kinachouletea wateja kutoka kila pembe ya Pwani, haikamiliki kwa mkono wa jamii moja. Mmoja huleta kitambaa, mwingine hukichapa, mwingine hukipinda, mwingine hukibeba, na maneno yaliyoandikwa juu yake hutoka katika kinywa cha mnunuzi mwenyewe. Mmoja wao akitoka, kinachobaki ni kitambaa tu.

Mtaa ulipo

Mgeni anaweza kuanzia Marikiti, soko kuu lililojengwa mwaka 1914 na kupewa jina la Mackinnon, jina ambalo wakaazi wengi hawalitumii. Marikiti imekaa kando ya Barabara ya Digo, iliyokuwa ikiitwa Salim Road wakati wa ukoloni. Upande wa mashariki wa barabara hiyo ni Mji wa Kale. Mtaa wa Biashara umeanzia upande wa pili, kuelekea magharibi.

Kwa hiyo Barabara ya Digo inagawa enzi mbili za mji. Zamani biashara ilikaa karibu na bandari ya majahazi, na njia yake kubwa ilikuwa Ndia Kuu, ambayo hadi leo imehifadhi matamshi ya Kimvita: ndia ndiyo njia. Majahazi yalifika na upepo wa kaskazi na kuondoka na kusi, na mwaka wa mfanyabiashara ulikatwa na pepo hizo mbili. Reli ilipojengwa na bandari ya Kilindini ikakua, mji ulivutwa upande wa bara. Maduka yalifuata watu. Mtu anayetembea kutoka Ndia Kuu, akapita Langoni, akavuka Barabara ya Digo na kuingia Mtaa wa Biashara, anatembea katika mfuatano uleule wa miaka.

Kosa linalorudiwa madarasani

Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba Wahindi walikuja Kenya kujenga reli. Kuna ukweli ndani yake. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na reli ikafika Kisumu mwaka 1901. Karibu vibarua 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mikataba. Takriban 2,500 kati yao walifariki, na baada ya kazi kwisha ni kama 6,700 tu waliobaki Afrika Mashariki. Wengi walirudi kwao.

Lakini wenye maduka ya Mombasa, kwa sehemu kubwa, hawakutokana na vibarua hao. Wafanyabiashara kutoka Kutch na Gujarat walikuwa wakisafiri na pepo za msimu kuja pwani hii muda mrefu kabla ya reli. Katika karne ya 19, kazi ya kukusanya ushuru wa forodha wa Zanzibar ilikodishwa kwa miaka mingi kwa nyumba ya kibiashara ya Jairam Shivji, na rupia ya India ndiyo iliyokuwa fedha ya Pwani hadi shilingi ilipochukua nafasi yake mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ushahidi mwingine upo katika Mtaa wa Biashara kwenyewe. Duka la leso la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Mali ya Abdulla, lilianzishwa mwaka 1887. Hiyo ni miaka 9 kabla ya ujenzi wa reli kuanza.

Wala si sahihi kuwaweka Wahindi wote katika kapu moja. Wamo Bohora, Khoja, Memoni, Bhatia, Oshwal na wengine, kila jamii na msikiti au hekalu lake, na ndoa zake. Hivyo hivyo kwa "Waarabu": Mshihiri aliyetoka Hadhramaut si Mwomani, na Mbaluchi, ambaye babu yake huenda alikuja kama askari wa Sultani, si Mwarabu kabisa. Wenyeji nao wana mpangilio wao. Waswahili wa Mombasa hujitambulisha kwa Thelatha Taifa na Tisa Taifa, ambazo kwa pamoja ndizo Miji Kumi na Miwili. Wamijikenda walikuwa wakileta kisiwani nafaka, sandarusi na pembe. Wakamba walifika na misafara yao ya pembe kutoka bara. Wote hawa walitaka kurudi nyumbani na kitu kimoja: nguo.

Kitambaa kilivyogeuka leso

Katika miaka ya 1830, wafanyabiashara wa Salem, mji wa Massachusetts, walianza kuleta Zanzibar kwa wingi kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said. Watu wa Pwani walikiita kitambaa hicho merikani, na jina hilo lingali linatumika ingawa kinachouzwa leo hakitoki Marekani. Kilichotiwa rangi nyeusi au ya nili kiliitwa kaniki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilikata usafirishaji huo, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua soko.

Leso ilizaliwa katika kipindi hicho, na masimulizi ya Pwani yanawapa sifa wanawake. Vitambaa vya mkononi vilikuwa vikiuzwa vikiwa vimeungana katika jora. Badala ya kununua kimoja kimoja, wanawake walinunua sita kwa pamoja, wakavikata vitatu vitatu, kisha wakaviunga kwa kushona hadi vikatoa nguo pana ya kujifunga. Wenye maduka walipoona hivyo wakaagiza nguo ambayo tayari imechapwa kwa upana huo. Baadhi ya mitindo ya awali ilikuwa na madoa meupe juu ya rangi nyeusi, mfano wa manyoya ya kanga, na kwingine Afrika Mashariki jina la ndege likashinda. Mombasa ilibaki na leso.

Mpangilio huo ni muhimu kwa somo hili. Mteja ndiye aliyebuni, na mfanyabiashara akamfuata. Hadithi hiyohiyo inajirudia katika maneno.

Yasemaje?

Leso ina sehemu tatu. Pindo ni ukingo unaoizunguka. Mji ni uwanja wa katikati. Chini kidogo ya katikati, ndani ya kisanduku, kuna jina, yaani maneno. Doti moja ni vipande viwili vinavyofanana, kimoja cha kujifunga na kingine cha kujitanda.

Maneno hayakuwepo tangu mwanzo. Yalianza kuonekana mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kirumi. Kaderdina Hajee Essak ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa aliyeanzisha desturi hiyo, na leso zake zilijulikana kwa alama ya K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Kufikia leo mtu anaweza kukuta alama hiyo katika leso za Mombasa, Lamu na hata ng'ambo ya mpaka.

Hebu tulitazame jambo hili kwa jicho la biashara. Mwenye duka wa asili ya Kihindi anataka kuuza kitambaa kilichochapwa ng'ambo kwa wanawake wa Pwani. Washindani wake wana kitambaa kilekile, bei ileile na pengine rangi ileile. Atawashinda kwa nini? Kwa sikio. Ni lazima ajue wanawake wanazungumza nini katika shughuli za harusi, wanataniana vipi, methali ipi inarudi midomoni mwaka huu, na fumbo lipi limechuja. Wateja waliingia dukani na maneno yao, mwenye duka akayaandika na kuyatuma yachapwe. Leso mpya ilipofika, mtaa mzima ulitaka kujua: yasemaje?

Swali hilo halijaisha. Mtu anayemnunulia mwenzake leso bila kuisoma anajitafutia makubwa. "Wema hauozi" inamfaa mkunga, mwalimu au jirani aliyesaidia wakati wa msiba. "Hasidi hana sababu" haipelekwi kwa wifi hata kama rangi yake imempendeza mnunuzi kuliko zote. "Usisafirie nyota ya mwenzio" ikianikwa kwenye kamba inayotazamana na dirisha fulani, mwenye dirisha ataelewa na mwenye kamba ataweza kuapa kwamba hakusema neno. Ndiyo maana muuzaji hodari hamtajii mteja bei kabla ya kumuuliza: unampa nani?

Hapa ndipo leso ilipowapa wanawake nafasi ya kusema hadharani katika jamii iliyotarajia wanyamaze. Na imefanya hivyo katika kila hatua ya maisha. Mtoto hupokewa kwa leso na kubebwa kwa mbeleko ya leso. Bi harusi huwa na kisutu, leso ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Jikoni hufungwa leso kuukuu, msibani hujitandwa leso, na anayemtembelea mzazi hachelei kufika mikono mitupu akiwa na doti moja. Mwanamke Mgiriama na Mwislamu wa Mji wa Kale hawavai kwa namna moja wala kwa shughuli moja, lakini hununua katika duka lilelile.

Mtaa ulipotikisika

Picha ya mtaa wa amani tangu enzi hadi sasa si ya kweli. Utawala wa kikoloni uliwapanga watu kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi na Mwarabu katikati, Mwafrika chini. Mwafrika aliyetaka kufungua duka alikuta mikopo na leseni zikiwa ngumu kupatikana. Maduka ya Wahindi yakawa ndiyo uso wa uchumi huo mbele ya mnunuzi Mwafrika, ingawa faida kubwa zaidi ilikuwa ya makampuni ya meli, benki na viwanda vya mbali.

Baada ya Uhuru mwaka 1963, wakaazi wa asili ya Asia walipewa miaka miwili kuamua iwapo wangechukua uraia wa Kenya. Wengine walichukua, wengine wakasita. Mwaka 1967 Bunge lilipitisha Sheria ya Leseni za Biashara, iliyowazuia wasio raia kufanya biashara katika baadhi ya maeneo na kuuza baadhi ya bidhaa. Mwaka uliofuata Uingereza ilibana mlango wake kwa wenye pasipoti za Uingereza kutoka Afrika Mashariki, na kabla mlango haujafungwa maelfu walikimbilia viwanja vya ndege. Sensa ya 1962 ilihesabu Waasia wapatao 176,000 nchini; ile ya 1969 ilihesabu takriban 139,000.

Sheria hiyo iliwafungulia raia Waafrika milango ya biashara iliyokuwa imefungwa kwa miaka mingi, na hilo lilihitajika. Pia iliacha familia nyingi, ambazo vizazi vyao vitatu vilizaliwa Pwani, zikijiuliza kama ni wenyeji au wapita njia. Yote mawili yalitokea kwa wakati mmoja, na mwalimu anayefundisha moja bila lingine atakuwa amefundisha nusu. Ilichukua hadi mwaka 2017 kwa serikali ya kitaifa kuwatambua rasmi Wakenya wa asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi hii.

Waliobaki katika Mtaa wa Biashara walibaki na kitu ambacho wageni wapya wa biashara hiyo hawakuwa nacho, nacho ni kumbukumbu ya maneno: leso ipi ilitoka lini, ilisemaje, na kwa nini iliisha dukani kwa wiki moja.

Pamba yetu, kisha pamba ya wengine

Kwa muda, kitambaa nacho kilianza kuwa cha nyumbani. Kenya ilijenga viwanda vya nguo, kikiwemo Kicomi cha Kisumu na Rivatex cha Eldoret, kilichoanzishwa mwaka 1976. Leso za Kenya zilichapwa Kenya. Soko huria la miaka ya mapema ya 1990 lilibadili hali hiyo. Nguo za bei nafuu kutoka nje na mitumba ziliingia kwa wingi, viwanda vikadhoofika na vingine vikafungwa. Rivatex iliponea baada ya kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, lakini sehemu kubwa ya leso zinazofunguliwa leo katika Mtaa wa Biashara imechapwa India.

Mtu anaweza kusema kwamba hilo si jipya, kwani leso za mwanzo nazo zilichapwa ng'ambo. Tofauti ipo katika maagizo. Zamani mwenye duka wa Mombasa ndiye aliyechagua mji, pindo na jina, kisha kiwanda kikatii. Siku hizi, pamoja na leso zinazoagizwa kwa utaratibu huo, kuna shehena zinazokuja tayari zimeamuliwa na mtu asiyejua Kiswahili. Huko ndiko hutoka leso zenye maneno yaliyokatwa vibaya au herufi zilizopotea. Herufi mbili zikibadilishana nafasi, hasidi anageuka kuwa hadisi, na hakuna bibi wa Kibokoni atakayejifunga hiyo. Nyingine hazina kosa la herufi ila hazina uhai: pongezi za kadi, salamu zisizomgusa mtu. Zinauzwa kwa sababu ni rahisi. Hakuna anayeuliza zasemaje.

Mikono ya barazani

Leso hutoka dukani ikiwa vipande viwili vilivyoungana, na kingo zake hazijashonwa. Mbele ya maduka, kwenye baraza, hukaa mafundi wenye cherehani. Mteja hutoka na doti yake, hupindiwa palepale na kutenganishiwa, na hulipa kiasi kidogo. Fundi huyo anaweza kuwa Mmijikenda, Mtaita, Mkamba au mtu wa bara aliyezaliwa Majengo. Kazi yake hufanyika kwa dakika chache, na bila yeye leso haivaliki.

Robota hazitembei zenyewe pia. Hamali na wasukuma mikokoteni huzipitisha katikati ya magari, tuktuk na wapita njia, wakipiga mluzi na kuomba njia. Muuza kahawa hupita na dele na vikombe vidogo. Ijumaa mchana milango kadhaa hufungwa kwa ajili ya sala, na majirani wasio Waislamu huendelea kuuza. Katika kumi la mwisho la Ramadhani mtaa hukesha, na Wakristo wenye vibanda hukesha nao kwa sababu wateja ndio hao.

Uhusiano huu una msuguano wake. Mwenye duka analipa kodi ya pango na leseni, kisha anakuta njia ya kuingilia dukani imezibwa na meza ya mchuuzi. Mchuuzi naye anajua kwamba akisogezwa mita hamsini kutoka penye wateja, siku yake imekwisha. Watembeao kwa miguu, hasa wazee na wenye ulemavu, huishia barabarani pamoja na magari. Pande zote tatu zina haki ya kutumia mtaa huo, na hakuna hata mmoja anayeweza kutumia haki yake yote bila kumpunguzia mwenzake.

Neno lina mwenyewe

Je, jambo hili linaihusu kaunti vipi? Katiba ya 2010, kupitia Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la kuendeleza na kusimamia biashara, ikiwa ni pamoja na masoko, leseni na biashara ya haki. Hiyo ndiyo sehemu ambayo wafanyabiashara wengi huijua kwa sababu ya leseni ya kila mwaka. Isiyojulikana sana ni sehemu ya utamaduni. Kifungu cha 11 cha Katiba kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na kinalitaka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe pale utamaduni wao unapotumiwa. Mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za kitamaduni, na sheria hiyo inazipa kaunti kazi ya kwanza ya kusajili na kuhifadhi kumbukumbu za kazi hizo kutoka kwa jamii zilizomo ndani ya mipaka yake.

Kwa nini usajili? Kisa cha kikoi kinaeleza. Kikoi ni ndugu wa leso katika rafu za Mtaa wa Biashara. Wanaume wa Pwani wamekivaa kwa vizazi. Hata hivyo, kati ya mwaka 2006 na 2008, kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" kuwa alama yake ya biashara nchini humo. Kama lingekubaliwa, Mkenya aliyepeleka kikoi Uingereza angekuta jina la bidhaa yake lina mwenyewe mwingine. Ombi lilipingwa na Wakenya pamoja na marafiki zao wa huko, na likaachwa. Safari hiyo walinusurika kwa sababu kuna watu walioshtuka mapema.

Leso ina hatari kubwa zaidi kwa kuwa kazi yake ina wenyewe wengi. Mchoro una mchoraji au kampuni. Methali haina mtu mmoja anayeweza kudai kuwa ni yake. Fumbo alilolitunga mama fulani wa Mombasa na kumpa mwenye duka halikuwahi kuandikiwa risiti. Maneno hayo ni mali ya jamii, na jamii ikiulizwa ithibitishe itahitaji ushahidi: leso zenyewe, miaka yake, na watu wanaokumbuka.

Ushahidi huo upo, ingawa hauko katika jumba la makumbusho pekee. Umo masandukuni. Katika nyumba nyingi za Mombasa, Likoni, Kisauni na Changamwe kuna bibi mwenye doti ambazo hazijawahi kufungwa, alizopewa siku ya harusi yake au aliporudi Hija. Anapofariki, leso hizo hugawanywa, hupasuliwa kuwa mbeleko au matambara, na maneno yake huondoka.

Zoezi la nyumbani

Zoezi hili linaweza kufanywa na mwanafunzi wa darasa lolote la juu pamoja na mtu mzima wa nyumbani kwao.

Mwombe bibi, shangazi au jirani akuoneshe leso ya zamani kuliko zote alizo nazo. Usiifungue kwa nguvu kama imekunjika kwa miaka mingi, kwa sababu pamba kuukuu hukatika mkunjoni. Nakili jina lake herufi kwa herufi kama lilivyochapwa, hata kama unadhani limekosewa. Kama ni herufi za Kiarabu na huzisomi, piga picha na umpelekee mwalimu wa madrasa. Angalia pembeni mwa pindo au karibu na jina kama pana alama ya duka au jina la nchi ilikochapwa. India, Japani, Kenya: kila moja itakupa fununu ya miaka.

Kisha muulize mwenye leso maswali manne. Aliinunua au alipewa? Ilitoka duka gani? Wakati ule maneno yale yalimlenga nani? Na je, aliwahi kuivaa mbele ya mtu huyo?

Swali la mwisho huenda likamfanya acheke au anyamaze. Andika lolote litakalotokea, pamoja na tarehe ya siku hiyo na jina la mtaa wenu.